Mwaka Bunduki Ilipokuwa Inakosa

Wifi yangu Hadija tulimzika Nangurukuru mwezi uliopita. Siku ya khitma, watu wakiwa wameshakula, mzee mmoja kwenye mkeka wa wanaume akaanza kuwasimulia vijana jinsi marehemu mume wangu alivyokuwa hodari wa kulenga. Mimi nilikuwa uani naosha masinia, lakini masikio yangu bado yanafanya kazi. Akasema Athumani wa Kinjumbi alikuwa akiinua bunduki, ngiri anaanguka kabla mlio haujamfikia. Vijana wakacheka. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayegawa dawa: "Lakini wanawake wa wakati ule walikuwa wanatulia majumbani. Mke akitulia, bunduki haikosi." Niliweka sinia chini. Nilitaka nitoke nikamjibu pale pale mbele ya watu, nikakumbuka kwamba msiba si mahali pake, nikalichukua lile sinia nikaendelea kulisugua mpaka likanitoa damu kidoleni. Nimelinyamazia jambo hili tangu ujana wangu na sasa nimechoka nalo. Basi naliandika. Nani alinizaa na ukoo wetu ulitoka wapi siviweki hapa; anayetaka akaulize kwetu Mtama. Mimi nataka kuusema mwaka mmoja tu.

Nilikuwa nimeolewa Kinjumbi, ndoa yangu haijachakaa bado. Ulikuwa ule wakati wa shida ya vitu, sabuni ya kutafuta, sukari ya foleni, nguo ndiyo usiseme. Nilikuwa na doti moja ya kanga niliyoishona kiraka juu ya kiraka. Chumba chetu kilikuwa cha udongo, kitanda cha kamba, na dirisha dogo linalotazama uani kwa mama mkwe. Juu ya kitanda, kwenye misumari, ilitundikwa bunduki. Nilikuwa nikilala, kitu cha mwisho kukiona ni kitako chake, na nikiamka ni hicho hicho. Ilikuwa bunduki fupi, ya zamani, ya kuvuta komeo, risasi moja moja, na ilikuwa ya baba yake Athumani. Mzee yule alipofariki, Athumani akahangaika huko wilayani mpaka akaandikiwa kibali cha kuirithi, kwa ajili ya kulinda mashamba. Kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Kwa hiyo mume wangu, ambaye alikuwa kijana mpole wa kulima karanga na mihogo kama wenzake, akawa mtu wa kuitwa na kila mwenye shamba. Ngiri wakiingia, wanakuja kupiga hodi kwetu.

Na mwaka ule ngiri waliingia kweli. Si wale nguruwe wa usiku. Ngiri ni mnyama wa mchana, hana haya. Anakuja asubuhi watu wakinywa uji, anapiga magoti kama anayesali, anafukua karanga kwa pua, mstari mzima, halafu anaondoka mkia juu. Ukimfukuza kwa kupiga debe anasimama mbali kidogo anakutazama mpaka uchoke. Mvua zilikuwa zimekuwa nzuri, shamba limependeza, na kila asubuhi tunakuta limelimwa upya na wasiolipanda.

Sasa lazima nieleze miiko, kwa sababu vijana wa leo hawaijui na wanaoijua wanajifanya hawaijui. Mume akitoka na bunduki, mke anakaa chini. Hafagii. Hachani nywele. Hampi jirani moto wala chumvi. Hagombani na mtu. Na kubwa kuliko yote, hana mwanaume mwingine. Mke akiharibu, risasi inapita kando, au mnyama anamgeukia mpigaji. Hivyo ndivyo watu walivyoamini, Waislamu wa huku kwetu na Wakristo wa kule milimani. Sheikh hakuifundisha, padri hakuifundisha, na hakuna aliyethubutu kuicheka. Sasa itazame vizuri habari hiyo. Bunduki ikipata, sifa ni za mwanamume. Ikikosa, kosa ni la mwanamke. Nimeigeuza kila upande katika maisha yangu na sijaona mahali mwanamke anapotokea mshindi.

Mara ya kwanza Athumani alipokosa, mama mkwe alinitazama tu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mlangoni tangu asubuhi, miguu imekufa ganzi, ugali wa muhogo umepoa pembeni. Athumani aliingia na bunduki begani akasema, "Imepita juu. Nimeona vumbi nyuma yake." Mama mkwe akaniuliza, "Somoe, umefagia?" Nikamwambia sikufagia. "Umechana nywele?" Nikamwonyesha kichwa changu, kilikuwa kama kiota. Akaguna. Mara ya pili alipokosa, yule mama aliuliza maswali yale yale, lakini mbele ya jirani. Mara ya tatu hakuniuliza kitu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

Jikoni kwetu kulikuwa kibanda cha makuti kilichoegemea ukuta wa chumba changu. Mtu akisema jikoni, amesema kitandani kwangu. Nilikuwa nimelala mchana ule, tumbo limeanza kuonekana na kichwa kinaniuma, nikamsikia Hadija anatwanga na mama yake anapepeta.

"Amekosa tena?" Hadija aliuliza.

"Amekosa. Ngiri mzima kama gogo, hapo na hapo."

"Labda kaka ana matatizo ya macho, mama."

"Macho! Baba yako aliipiga bunduki ile mpaka ndevu zikawa nyeupe. Macho!" Ungo ukasita. "Yale masomo ya ngumbaru ya mkewe. Kila alasiri huyo, kalamu mkononi. Anasoma nini mpaka jua linazama?"

"Anasoma a, e, i, o, u."

"Na mwalimu naye anasoma nini?"

Wakacheka. Hadija naye alicheka. Mungu amrehemu, lakini alicheka. Mimi darasani nilikuwa nimefika kwenye kuunganisha maneno, na yule mwalimu wa watu wazima alikuwa mzee wa kukohoa kila baada ya sentensi. Kesho yake nilipochukua kidaftari changu nitoke, Athumani akaniambia bila kunitazama, "Pumzika kidogo, mke wangu. Watu wanasema." Nikamwuliza, "Na wewe unasemaje?" Akasema, "Mimi sisemi kitu." Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake maisha yake yote. Kusoma kwangu kukaishia pale. Kilichobaki nilijifunzia magazeti ya kufungia maandazi.

Ila nimtendee haki: Athumani hakuamini yale maneno. Najua hakuamini, kwa sababu alianza kuitengeneza bunduki. Kama angeamini kosa ni langu, angenitengeneza mimi. Lakini aliitengeneza ndani, mlango umefungwa, kama mtu anayepika gongo. Bunduki ile ilikuwa na kijino cha chuma mbele, kwenye ncha ya mtutu, na nyuma karibu na jicho kulikuwa na kibati chenye pengo. Mpigaji anatakiwa aone kijino kimekaa katikati ya pengo, na mnyama juu yake. Athumani akaenda duka la Mhindi Kilwa Masoko kutafuta tupa ndogo, na Mhindi alipomwuliza ya nini, akasema ya kunolea jembe. Mimi nilikuwa naye. Niliona uso wake. Aliona aibu watu wasije wakasikia kwamba bunduki ya baba yake ina kasoro. Kati ya heshima ya baba yake aliyekufa na heshima yangu mimi niliye hai, alichagua kukaa katikati akisugua chuma.

Basi chumba changu kikawa karakana. Alikuwa akiibana bunduki kati ya kinu na ukingo wa kitanda, anatia tambara chini ya mtutu usichubuke, anapiga tupa: krii, krii, krii. Unga wa chuma ulikuwa kwenye shuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye mchuzi. Nilikuwa nakula kunde na meno yananisisimka. Kwanza alisema jino linang'aa juani, linamdanganya jicho, akalipaka moshi wa kibatari likawa jeusi tii. Akaenda akakosa. Akasema sasa limekuwa jeusi mno, mbele ya pori halionekani. Akachukua chokaa ya tambuu ya mama yake, akagusa ncha tu, kidoti cheupe. Mama mkwe alipokuta kijaluba chake kimechokolewa alisimama mlangoni akasema, "Athumani, siku hizi bunduki nayo inatafuna tambuu?" Akaenda na kidoti chake cheupe. Akakosa. Akasema pengo la nyuma ni jembamba, linamzuia kuona, akalipanua. Likapanuka mno, kijino kikawa kinacheza ndani kama mtoto ndani ya kanzu ya baba yake. Akakosa. Na kila alipokosa, vumbi lilikuwa limeruka nyuma ya mnyama, juu zaidi, na kila mara alirudi akasema, "Jino ni refu. Linainua risasi," akalipunguza kwa tupa. Krii, krii.

Nilimwambia, "Baba, kwa nini usiipige hapa hapa uani, kwenye kifuniko cha debe, tujue inakwenda wapi?"

Akashtuka kama nimemwambia achome nyumba. "Risasi hazichezewi, Somoe. Ninapewa chache, kwa kibali. Nikipiga debe nitawaambia nini watu? Nimelinda debe?"

Na hapo ndipo hasira yangu ilipokaa mwaka mzima. Hakutaka kujaribu nyumbani, kwa hiyo alijaribia shambani. Kila tengenezo lake lilijaribiwa juu ya ngiri, mbele ya macho ya watu, na kila jaribio lilikuwa kesi yangu. Fundi cherehani akikosea mkono wa shati, analifumua. Mume wangu akikosea kijino cha chuma kisichozidi punje ya mchele, mimi natajwa kisimani. Wanawake walikuwa wakinyamaza nikifika na ndoo. Mmoja, ambaye nyumba yake nilikuwa nimeisaidia kukandika, alinisogezea kamba ya kisima kwa mguu.

Ilifika mahali mama mkwe akaita kikao. Hakukiita kikao, alikiita chakula. Alipika wali wa nazi, mwaka ule wa wali wa kutafuta, na samaki wa kukaanga, na akatukalisha barazani, mimi na mume wangu na Hadija. Nilijua mchele ule haukuwa wa bure. Tulipofika katikati ya sinia akasema, taratibu, akichambua mwiba, "Mwanangu Athumani, shamba linaisha. Watu wameacha kukuita, wanaomba kijiji kitafute mpigaji mwingine. Mimi sigombani na mtu. Ila safari hii ukitoka, ukakosa, mkeo akapumzike kwao Mtama. Ajifungulie huko. Baadaye tutajua."

"Tutajua nini, mama?" niliuliza.

"Tutajua," akasema, akaweka mwiba ukingoni mwa sinia.

Nikamtazama Athumani. Alikuwa anatafuna. Alitafuna ule wali kama ni mfupa. Nikangoja aseme neno moja, hata neno bovu, na hakusema. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Nitapandishwa lori Nangurukuru na tumbo langu na kifurushi, nifike kwa wazazi wangu bila barua wala sababu, na mtoto azaliwe watu wakimtazama uso kutafuta sura ya mtu mwingine. Kwa ajili ya nini? Nilijua sijafanya kitu. Hata kufagia sikufagia. Uani kwetu kulikuwa na majani mpaka kuku wanapotea.

Sasa kulikuwa na mtu aitwaye Kosmasi, Mmatumbi wa milimani, Mkristo, aliyewahi kuwa askari. Sisi nyama ya ngiri hatuigusi, hata kumburuta hatumburuti. Athumani alipokuwa akipata enzi za mwanzo, Kosmasi ndiye aliyekuja kumchukua mnyama, na shamba linabaki safi. Hivyo kila akisikia mlio anashuka na kisu chake na kikapu. Mwaka ule alishuka mara nyingi akapanda na kikapu kitupu. Asubuhi ya baada ya ule wali alikuja hata kabla ya mlio.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba," mama mkwe akajibu. "Hakuna kitu leo. Kisu chako kakatie mchicha."

"Mchicha nimeula mpaka nimeota majani, mama. Nyie Waislamu mnatuonea. Nyama hamli, na sisi tusile?"

Watu wakacheka, walikuwepo majirani wawili watatu, wamekuja kuulizia habari za ngiri. Athumani alikuwa anafunga mshipi atoke. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wangu wa mwiko, mlangoni. Sijui maneno yale yalitoka wapi, ila nilikuwa nimekesha nayo.

Nikasema, "Kaka Kosmasi, una mke?"

"Shemeji, unataka kunitafutia?"

"Nakuuliza, una mke?"

Akaacha kucheka. "Unajua nilimzika. Mimi ni mgane."

"Una mwanamke mahali popote?"

Majirani wakaguna. Hadija akaziba mdomo. Kosmasi akasema, "Sina, Mungu shahidi wangu. Ningekuwa naye ningekuja huku kila siku kuomba mboga?"

"Basi bunduki hii ipige wewe," nikamwambia. "Hapa, uani, mbele ya watu. Wewe huna wa kukuharibia. Ukipata, mimi nafunga kifurushi changu leo hii naondoka, wala sitaki nauli. Ukikosa, mniambie nani alikosea."

Mama mkwe akasema, "Mwanamke gani anazungumza hivyo?" Athumani akasema, "Bunduki ya baba haishikwi na mtu mwingine." Nikamwambia, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, "Vizuri. Basi nakwenda kwa miguu mpaka Nangurukuru, na kila nitakayekutana naye njiani nitamwambia Athumani ameogopa mgane asiishike bunduki yake." Jirani mmoja, mwenye shamba lililoharibiwa kuliko yote, akasema, "Ampe bwana. Tumechoka." Wakamwita mwenyekiti wa kijiji aje aone kwa macho yake, ili isije ikasemwa baadaye kwamba bunduki ya kibali ilichezewa ovyo. Akaja, bado na mswaki mdomoni.

Kifuniko cha debe kilipigwa msumari kwenye mnazi wa mwisho, ule uliokuwa na kichuguu kikubwa nyuma yake, usawa wa kifua. Kosmasi hakusimama kama Athumani anavyosimama. Alilala kifudifudi, akalaza bunduki juu ya gunia la pumba, akatulia mpaka nikadhani amesinzia. Mlio ukatoka, kuku wakaruka. Kifuniko hakikutikisika. Watu wakakimbilia mnazini. Tundu lilikuwa juu, juu kabisa, mahali ambapo mtu mzima hafiki kwa mkono. Kosmasi akaomba risasi nyingine. Athumani akampa kama anayetoa jino lake. Akapiga. Tundu la pili likakaa jirani na la kwanza, kiasi cha kufunikwa yote kwa kiganja.

"Mkono wangu ni ule ule," Kosmasi akasema. "Na jicho ni lile lile. Hiki chuma ndicho kinachotazama mbinguni."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amesimama na mkono kiunoni, ananyonya meno, na nikaona kabisa anatafuta njia. Akaipata. "Huenda marehemu mkewe, huko aliko..." akaanza.

"Mama!" Kosmasi akasema. "Mke wangu nimemlaza makaburi ya misheni, karibu na dirisha la padri. Huko hapiti hata mbuzi dume."

Mwenyekiti alicheka mpaka mswaki ukaanguka. Watu wote walicheka isipokuwa mimi, mama mkwe na Athumani. Na Athumani, mume wangu, unajua alifanya nini? Hakunitazama mimi. Aliingia ndani mbio akatoka na tupa. "Nilisema mimi! Imepiga juu. Jino bado ni refu." Akakaa chini, akashika mtutu.

Kosmasi akamwekea mguu juu ya tupa. "Ngoja. Hili jino umelikata?"

Nikajibu mimi: "Tangu karanga zilipotoa maua."

Kosmasi akashika kichwa. Akamwinulia bunduki usawa wa jicho na kumwonyesha, taratibu, kama anavyofundishwa mtoto kufunga kamba. "Jino likiwa fupi, bwana, linazama. Ili ulione kwenye pengo unalazimika kuuinua mdomo wa mtutu. Mdomo ukiinuka, risasi inapanda. Wewe kila ulipokata, umeipandisha. Hili ni la kurefushwa, si la kukatwa."

Nililielewa mara moja, na natamani nisingelielewa. Mwanzo bunduki ilikuwa inakosa kidogo tu. Labda jino lilikuwa limelika kwa uzee. Baada ya hapo ni yeye. Krii zote zile kitandani kwangu, unga wote ule wa chuma niliokula kwenye kunde, alikuwa ananichongea kesi yangu. Kila alipokata kidogo, nilizidi kuwa malaya kidogo. Na alikuwa anafanya kwa nia njema! Mtu akikudhuru kwa nia mbaya unajua pa kuiweka hasira. Huyu nimwekee wapi?

Athumani na Kosmasi wakaenda Nangurukuru kwa fundi wa kulehemu masufuria. Walipata kipande cha shaba kutoka taa mbovu, kikalehemiwa juu ya kile kisiki cha jino, kirefu kuliko inavyotakiwa kwa makusudi. Safari hii kila kitu kilifanyika uani, mchana, watu wakitazama. Walipiga kifuniko, risasi ikaenda chini. Wakakata kidogo sana, wakapiga, ikapanda kidogo. Pengo la nyuma wakaliziba kwa lehemu na kulichonga upya, jembamba. Risasi zilikuwa karibu kuisha walipotoboa kifuniko katikati. Asubuhi ya siku ya tatu yake Athumani akatoka kwenda shamba la jirani, na mlio ulikuwa mmoja tu, na baada yake tukasikia vigelegele. Ngiri dume, amelala juu ya karanga. Kosmasi alishuka na kisu anaimba.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Ni desturi ya nyumba zile, mpigaji akiangusha mnyama baada ya mkosi, mkewe apewe nguo na mama mkwe. Jioni ile, jua lingalipo, wanawake walijaa barazani. Wale wale wa kisimani. Mama mkwe akatoka ndani na doti ya kanga mpya, sijui aliificha tangu lini, nyekundu, haijafuliwa hata mara moja, bado na harufu ya dukani. Mwaka ule mtu angeweza kupigana kwa doti kama ile. Akaiweka kwenye mkeka mbele yangu akasema kwa furaha, na naapa ilikuwa furaha ya kweli: "Hongera mwanangu. Sasa umetulia."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akanishika bega: "Tulikuombea dua, Somoe. Na kweli umetulia."

Nikaitazama ile kanga. Niliyovaa ilikuwa inaonyesha goti. Nikasema, "Mama, nimetulia kutoka wapi?"

"Usiharibu siku, mwanangu. Pokea nguo."

"Siipokei. Nikiipokea nimekiri. Sema kwanza kwamba iliyokosa ni bunduki, nami nitaipokea kwa mikono miwili."

Hakuna vigelegele tena. Athumani alikuwa amesimama pale, bado bunduki begani, ameshapewa sifa zake zote. Nikamgeukia. "Sema wewe basi. Uliona matundu kwenye mnazi. Mwambie mama yako." Akalamba midomo. Akasema, "Maneno ya wazee hayo, mke wangu. Yaache yapite. Nguo si nguo?" Hadija akainama kuiokota aniwekee mapajani, nikaurudisha mkono wake. Doti ile ilibaki mkekani, katikati ya wanawake wote, mpaka wakaondoka mmoja mmoja, na mama mkwe akaikunja mwenyewe, polepole, akarudi nayo ndani. Nilisemwa kijiji kizima kwamba nina kiburi. Kiburi nilikikubali. Hicho kilikuwa changu.

Mtoto alizaliwa wakati wa kuvuna ufuta. Mama mkwe alikuja na ile doti kwapani, akakaa ukingo wa kitanda, akamfunua mtoto. Alimtazama masikio. Akamfungua ngumi, akamtazama vidole, halafu vya miguu, kimoja kimoja. Mwisho akapumua, akasema, "Ni vidole vya babu yake hivi. Havifichiki."

"Ulikuwa unatafuta vya nani, mama?"

Akaikunjua kanga. Nikamwuliza hiyo ni ya nani. Akasema ya mtoto. Nikauliza tena, ya mtoto peke yake? Akasema, "Ya mtoto peke yake, Somoe." Nikamwambia basi mfunike.

Athumani aliishi miaka mingi akisifiwa kwa bunduki ile, na kila aliposimulia alisema aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwake, kwa tupa. Kosmasi alipofariki alimsahau kabisa katika hadithi. Mimi alikuwa ameshanisahau zamani. Mama mkwe alizeeka mikononi mwangu. Macho yakafa, miguu ikafa, nikamlisha, nikamwogesha, nikamgeuza kitandani, na hatukugombana, alikuwa si mtu mbaya. Siku aliyokuwa anaaga, alinishika mkono kwa nguvu, midomo ikatingishika kama ana neno. Nikainama nikaweka sikio karibu kabisa. Nilikuwa nimelingojea neno lile miaka yote, hata lingekuwa nusu lingenitosha.

Aliomba maji. Nikampa.